Mkono wa Esekon Uliponyamaza

Kaka yangu Esekon,

Mimi ni mzima. Ya kwako siulizi, kwa kuwa huna njia ya kunijibu, lakini barua isiyo na salamu ni kama mtu anayeingia bomani mwa watu bila kubisha. Ejok, kama tusalimianavyo kwetu.

Najua hukupenda kusoma. Ulisoma jina lako, namba za simu na maandishi ya kwenye magunia, na mengine yote uliniachia mimi nikusomee kwa mikono. Wiki iliyopita nilijaribu kukusimulia habari zangu kwa mikono vilevile. Nilikaa nyuma ya hoteli ninakopika, nikawaza umeketi mbele yangu juu ya debe, nikaanza. Mwenye hoteli akatoka kumwaga maji akanikuta. Jioni nikamsikia akimwambia mke wake, "Huyo dada wa Lodwar, kichwa yake iko sawa kweli?" Ndiyo maana leo nimechukua kalamu. Mtu akiandika hakuna anayemshangaa.

Kuna jambo limenikaa kifuani tangu mazishi. Mchungaji alisimama pale kaburini akasema, "Ndugu yetu Esekon alikuwa mtu mkimya. Hakumsema mtu vibaya." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Hata mama alikubali. Mimi nilitazama chini, maana kicheko na kilio vilinijia pamoja. Wewe, mkimya? Wewe uliyeweza kumsengenya mteja kuanzia kofia mpaka kisigino kabla hajatufikia kuuliza bei ya akala zako za tairi? Uliyemwigiza chifu wetu anavyokaa kwenye kiti cha plastiki akiogopa kisivunjike, mpaka nikamwaga chai ya watu? Lodwar yote haikuwa na mtu mwenye maneno kama wewe. Watu walikuita bubu wakapita. Maneno yako yalihitaji macho, na macho yaliyoyajua yalikuwa haya yangu.

Mama anasema homa ya uti wa mgongo ilikuacha hai ikaondoka na masikio. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilikukuta hivyo, na kwangu mtu mkubwa wa kwanza kumwelewa duniani alikuwa wewe. Tulipochunga mbuzi kule Kaikor hatukujua kwamba tunatengeneza lugha. Tulikuwa tunaitana tu ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, wewe huku, mimi kule, na ilibidi kila kitu kiwe na alama inayoonekana kwa mbali. Mbuzi ni kidole chini ya kidevu, ndevu. Mama ni kiganja kinachozunguka shingo, zile shanga zake. Maji ni kiganja kilichofunguka kinachochota hewa na kuipeleka mdomoni. Na mimi, kwa kuwa Akiru ni mvua, nilikuwa vidole vinne vinavyoshuka kwenye paji la uso kama matone. Shule ya viziwi ulikwenda kidogo, ukame ukakurudisha. Ulirudi na alama chache za huko, ukanifundisha, tukazichanganya na zetu. Hakuna mtu mwingine aliyejua mchanganyiko ule. Mama mwenyewe alijua za chakula na za mifugo tu.

Halafu ukaja Lodwar kujifunza kazi ya akala, na mimi nikakufuata. Pale ukutani karibu na soko, mimi na birika langu, wewe na tairi zako. Nikikumbuka mikono yako nakumbuka ya wakati ule. Unakata mpira kwa kisu, unatoboa kwa msharasi, unapitisha uzi, unavuta, unatoboa tena. Toboa, pitisha, vuta. Siku nzima, miaka na miaka, kitendo kilekile kwa mkono uleule wa kulia. Halafu unaweka msharasi chini na mkono huohuo unaniambia yule mama wa samaki leo amegombana na mumewe, mtazame alivyofunga leso.

Sikumbuki siku ulipoanza ugonjwa. Nakumbuka akala zenyewe. Zilikuwa za mwanamke aliyekuwa akienda harusini, alitaka ukanda ushonwe na shanga. Uliposukuma msharasi, kidole cha pete kikajikunja chenyewe, kikaingia chini ya kiganja kama kinakikimbia kile chuma. Ukakikunjua kwa mkono wa kushoto. Ukasukuma tena, kikajikunja tena. Nikakuuliza kuna nini. Ukanijibu ni baridi. Baridi, Lodwar, saa sita mchana. Nikacheka na wewe ukacheka, yakaisha.

Hayakuisha. Kidole cha mwisho kikakifuata cha pete. Kisha kifundo cha mkono kikaanza kupinda kwa ndani, gumba likakakamaa, msharasi ukawa unaruka kutoka mkononi kama samaki. Na ukiuweka chini tu, mkono unafunguka. Ulishika kikombe vizuri. Ulifua nguo, ulifunga mbuzi kamba, ulibeba ndoo. Hilo ndilo lililokuponza, kaka. Watu waliona mkono mzima ambao unaugua kazini tu. Mjomba alikuja akatazama, akanywa chai yangu, akasema, "Huyu hana ugonjwa. Huyu amechoka na kazi." Uliniuliza amesema nini. Nikakuambia amesema utapona.

Kisha ugonjwa ukaingia kwenye maneno.

Nakumbuka ulikuwa wakati wa jua kali. Ulinigeukia ukaniambia kitu, nikaona alama ya kupigana. Ngumi, karibu na mdomo. Nikatazama huku na huku nikitafuta nani anapigana. Ukarudia. Ngumi. Nikasimama kabisa, nikadhani kuna mtu nyuma yangu. Ndipo ukanyoosha kidole kwenye mtungi. Ulikuwa unaomba maji. Kiganja cha kuchotea hakikufunguka. Nilikupa maji tukacheka sana, ukawa unaniigiza nilivyoruka. Lakini ulipomaliza kunywa uliutazama ule mkono kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mbwa wake aliyemuuma.

Baada ya hapo nilianza kukuelewa kwa shida. Alama za kidole kimoja zilitoka. Zile za kiganja kilichofunguka zilikufa. Mama akawa donge. Jina langu likawa vidole viwili vinavyoshuka na viwili vilivyojificha, mvua ya nusu. Nilikuwa nakubahatisha, na ulijua nakubahatisha, na mtu anayebahatishwa huchoka kusema.

Tulihangaika. Mama alishuka kutoka Kaikor na beberu, mzee mmoja mpiga ramli akasoma matumbo ya beberu huyo akasema, "Mkono imefungwa na mtu. Mtu ana wivu." Akakupaka, akakuombea kwa namna yake. Tukaenda kanisani, wakakuwekea mikono kichwani, ukaniuliza kwa mkono wa kushoto kama huyo wa nyuma yako amekula vitunguu. Tukaenda hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliipiga mifupa picha, akaitazama, akasema, "Mifupa iko sawa, mishipa naona iko sawa. Sioni kitu. Mwambie apumzishe huo mkono." Nikakuambia. Ukauliza, "Nipumzishe kwa kazi au kwa kuongea?" Sikumuuliza daktari swali hilo.

Ukaacha kushona ukaanza kupigilia misumari, kwa sababu nyundo mkono uliikubali. Ajabu hiyo hatukuielewa wakati ule. Wateja walilalamika kwamba akala zako sasa zinachoma, wengine wakahamia kwa fundi wa upande wa pili. Ulivumilia. Ila jioni tukifunga kazi ulikuwa unakaa umeuweka mkono wa kulia chini ya paja, na hukusema lolote. Nakuuliza kitu, unatikisa kichwa. Nakuonyesha mtu wa kuchekesha, unatazama tu.

Soko zima halikuona tofauti. Kwao ulikuwa bubu jana na bubu leo. Walikusalimia vilevile, wakakupungia vilevile. Mtu alikuwa amenyamaza katikati yao, mchana kweupe, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Ningemwambia nani? Ningesema, jamani, kaka yangu haongei tena? Wangenijibu, lini aliongea?

Nikafikiri baadaye kwamba labda mchungaji alikujua mwaka huo tu wa kunyamaza. Kama ni hivyo, namsamehe.

Dereva mmoja wa lori, mteja wako, ndiye aliyetuambia habari za Kakuma. Alisema kambini kuna kliniki, na ndani yake kuna mama Mkongomani anayenyoosha viungo vya watu. Yeye mwenyewe alikuwa amenyooshwa mgongo. Tukaenda. Ulikataa kwanza, nikakuambia basi nisindikize mimi, nina mgongo pia. Ulijua nadanganya ukaja.

Mama Furaha, unamkumbuka alivyofanya. Hakuushika mkono. Aliutazama, akakuambia ufungue, ufunge, ushike kalamu, ushike chupa. Ulifanya vyote vizuri na nikaanza kuona aibu, nikajua tutarudishwa. Halafu akanigeukia. "Kazi yake ni nini?" Nikamwambia. Akasema, "Basi mulete ile kazi hapa. Siwezi kuona ugonjwa yenye imebaki nyumbani."

Siku ya pili tukarudi na msharasi na kipande cha tairi. Ulipotoboa mara ya kwanza, vidole vikajikunja, kifundo kikapinda. Yule mama akavuta kiti chake karibu. "Tena," akasema. Ukatoboa tena. "Tena." Akakutazama kama mtu anayesoma. Mwisho akasema, nami nikakutafsiria neno kwa neno:

"Mukono yake haina bubaya. Ni ubongo njo unachanganya vidole. Amerudia kitu kimoja sana, sana, miaka mingi. Sasa ubongo unaita kidole kimoja, vyote vinakuja." Akabana vidole vyake viwili pamoja ili uone. "Si uchawi. Na si uvivu. Mwambie hivyo vizuri, si uvivu."

Nilikuambia. Ulinitaka nirudie. Nikarudia. Ukageuza uso ukatazama dirisha.

Nikamuuliza kama utapona. Akasema hawezi kunidanganya. Kuna sindano wanazodunga katika hospitali kubwa za mbali, nazo nguvu yake huisha wanadunga tena. Yeye alikuwa na mazoezi ya polepole, ya kuufundisha mkono upya kama mtoto, na alitaka msharasi uwekwe kando kwa muda mrefu. Nikamwambia, mama, tatizo letu kubwa si akala. Huyu anaongea kwa mkono huu.

Aliutazama tena ule mkono. Halafu akanyoosha mkono, akaweka vidole vyake viwili juu ya kifundo chako, pale chini ya mfupa, wala hakubonyeza. Akaniambia, "Mwambie aongee."

Uliinua mkono na ukafunguka. Vidole vyote vitano, Esekon, kimoja kimoja. Ulitulia ukavitazama. Kisha, baada ya miezi yote ile, maneno yako ya kwanza safi yakawa haya: "Huyu mama ana mikono migumu kuliko tairi."

"Anasema nini?" Mama Furaha akauliza.

Nikamwambia anasema asante.

Alituambia kuna watu ambao mguso mdogo kama ule huukumbusha ubongo mahali mkono ulipo, na kwamba hajui utakufaa kwa muda gani. Hatukuyasikia sana hayo ya mwisho. Tulikwenda kwenye mkahawa mmoja pale mjini Kakuma, tukaagiza chai, nikaweka vidole vyangu kwenye kifundo chako, ukaanza. Chai ilipoa mbele yetu. Ulikuwa umeweka akiba. Yule fundi wa upande wa pili anawazidishia watu saizi. Mjomba alivyokunywa chai ulimwona usoni, ulijua kwamba hakusema utapona. Mwenye duka la nguo amependa mtu. Wasomali waliokaa meza ya pili walitutazama, mwanamke ameshika mkono wa mwanamume hadharani na mwanamume anarusha vidole. Hatukujali. Kisha ukaacha masengenyo ukaniambia, polepole, "Nilikuwa naota naongea. Nikiamka nakuta siwezi, nafumba macho tena."

Mpaka leo nikipita mbele ya mkahawa ule natembea haraka.

Kwenye benchi la kliniki ndipo tulipokutana na Abuk. Kama nakusimulia, samahani, ulikuwapo, lakini napenda kuikumbuka. Mwanamke mrefu wa Sudan Kusini, fundi wa nguo hapo kambini, kiziwi kama wewe, mwenye lugha ya ishara aliyojifunza shuleni. Alikuangalia ukiongea na mimi, akakunja uso, akakuambia kwa alama za shule, "Wewe unaongea kama mlevi." Nilishtuka. Wewe ulicheka mpaka machozi. Hakuna mtu aliyewahi kukusahihisha matamshi. Tangu siku hiyo ukawa unakwenda kliniki umenyoa ndevu.

Ukajitengenezea bangili ya mpira wa tairi, nyembamba, yenye kijivimbe ndani kinachogusa pale Mama Furaha alipogusa, ili usinihitaji mimi kila ukitaka kusema jambo. Ilifanya kazi msimu mzima wa kiangazi. Ulivyonichosha kwa maneno msimu ule. Halafu mkono ukaizoea bangili, vidole vikaanza kurudi ndani, kimoja, kisha cha pili. Safari hii hukukaa juu ya mkono wako. Ulianza kuongea kwa wa kushoto, vibaya, kama mtoto, ukikosea na kurudia, na nikikosa kukuelewa unanipiga begani nirudie kutazama. Ulikuwa umeamua. Nilikuona umeamua.

Kisha mvua zikaja, na mbu, na malaria ikakupanda kichwani.

Sina mengi ya kusema kuhusu wodi. Wauguzi walifanya kazi yao. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda ili nikuambie wanachouliza na kuwaambia ulichojibu, mpaka ukaacha kujibu. Ilikuwa alasiri, watu wamekuja kuona wagonjwa wao, kelele tele. Ulikuwa umefumba macho. Mkono wa kulia ukainuka kutoka kwenye shuka, bila bangili, bila mimi kuugusa. Ulikuwa wazi kabisa. Ukaweka kidole chini ya kidevu. Kisha kiganja, kimefunguka, kikachota hewa kikapeleka mdomoni. Mbuzi. Maji. Ukafumbua macho kidogo kungoja jibu. Ulikuwa unaniuliza kama mbuzi wamekunywa.

Nikakujibu wamekunywa, wote, tunarudi nyumbani. Ukaushusha mkono. Mwanamke wa kitanda cha jirani aliniuliza, "Anatafuta nini hewani?" Nikamwambia anaulizia mifugo.

Sasa habari za hapa.

Mama yuko Kaikor, miguu inamsumbua lakini yuko. Nilipompigia alisema, "Mkono wake sasa imepumzika." Pale ukutani kwako amekaa mwanamke wa nyanya, mtu mzuri, anayenyunyizia maji nyanya zake na kuniita dada. Nilijaribu kuendelea na birika langu. Nikawa namwaga chai, natazama upande, kuna mteja ana kofia ya ajabu, na mikono yangu inainuka yenyewe kukuambia, na inashuka. Inainuka na inashuka. Nikaona nitaugua. Nikapata hii kazi ya kupika Kakuma, nikaja.

Jumapili nakwenda kambini kwenye ibada ya viziwi. Inafanyika kwenye darasa la mabati, wanaimba kwa mikono wote pamoja, na sauti unayoisikia ni ya nguo tu. Nilidhani nitakuwa nyumbani. Lakini alama zao si zetu, kaka. Wananivumilia. Nikitumia alama yetu wananitazama kama mgeni wa lafudhi, mtoto mmoja akaniuliza kama mimi ni wa nchi gani. Wamenipa jina lao, kikombe kinachopelekwa mdomoni, kwa sababu nawaletea chai. Ni jina zuri. Ila hakuna tena anayeniita mvua. Nikifa mimi, yale maneno yote ya laga ya Kaikor yanakwisha, na hakuna atakayejua kwamba yalikuwapo. Usiku sifikirii hayo, nafikiria mchana, nikikata vitunguu.

Lililonifanya niandike hasa ni Abuk.

Alilia siku niliyomwambia umekufa, akaniambia hukumaliza kujifunza matamshi. Tumekuwa tukikaa pamoja baada ya ibada, tunaelewana nusu kwa nusu. Siku moja nilimpelekea gauni langu apunguze mikono. Nikaketi nikimtazama kwenye cherehani, na kwenye mkono unaoongoza kitambaa nikaona kidole cha pete kinajikunja. Akakikunjua. Kikajikunja. Aliponiona natazama akauficha mkono chini ya kitambaa.

Nilimwuliza tangu lini. Akasema ni uchovu, ana sare za shule nyingi za kushona. Nikamwambia habari ya Mama Furaha, nikamwambia aende sasa, mapema, asingoje kama tulivyongoja sisi. Akakasirika. Akaniambia mimi naona mkono wako kila mahali. Akaniambia huu ni wake, na una watoto wa kulisha. Akanirudishia gauni langu halijamalizwa. Jumapili iliyofuata akakaa upande wa pili wa darasa, na iliyofuata pia, akaongea na kila mtu, mimi nikamwaga chai yangu nikaondoka. Nilirudi mjini kwa miguu, barabara yote ile ya vumbi, sina wa kumwambia kwamba nimempoteza hata huyu.

Jumapili ya leo alikuja akakaa kando yangu. Wengine walikuwa wanaimba. Yeye alikuwa ameweka mikono mapajani, imetulia. Baadaye tukatoka nje kwenye kivuli cha ukuta, akaniuliza, kwa mkono wa kushoto, "Yeye iliuma?"

Nikamwambia mkono haukuuma.

"Nini iliuma?"

Nilitafuta alama kwenye zao, nikakosa. Nikatumia zetu, za Kaikor, nikijua hazijui. Nikamwambia kilichouma ni kukaa umejaa maneno na mtu wa kuyapokea yuko pale pale, anautazama mkono wako kama kinywa, haelewi. Alizifuata alama zangu kwa macho, akaniomba nirudie moja, akaijaribu kwa vidole vyake. Sijui alipata kiasi gani. Kisha akasema atakwenda kliniki Jumanne, kama nitakuwapo, lakini nisimsemee. Atasema mwenyewe, mimi nitoe sauti tu.

Nimeomba ruhusa hotelini. Mwenye hoteli amekubali, nadhani ananiogopa kidogo.

Kwa hiyo naaga hapa, Esekon. Lala, kaka. Nakuahidi nitakaa mahali ambapo Abuk ananiona usoni, nitamwachia amalize kila neno kabla sijafungua mdomo, na akimsengenya Mama Furaha nitasema ni asante.

Dada yako,
Akiru